Mafunzo ya Kazini kwa Polisi wa Serikali za Mitaa: Kujifundisha Wenyewe, Kuchanga na Majirani au Kwenda Chuoni?

Kabla ya kulinganisha chochote, pigeni hesabu hii. Wiki ina saa 168, na askari mmoja hufanya kazi saa 40 hivi. Ili nafasi moja ya doria isikae wazi usiku na mchana, panahitajika askari wanne na ushee. Ukiongeza likizo, ugonjwa na siku za kutoa ushahidi mahakamani, wanakuwa watano. Basi kikosi cha mji chenye watu 12, ukimtoa mkuu wake na mpelelezi, kinaweza kuweka watu wawili tu barabarani kwa wakati mmoja. Mpeleke mmoja kozi ya wiki nzima: ama mwenzake ataitikia peke yake ugomvi wa nyumbani saa nane za usiku, ama mtu mwingine atafanya zamu mbili mfululizo na kuendesha gari akiwa na usingizi machoni.

Hapo ndipo mafunzo ya kazini yanapofia katika vikosi vidogo. Ni nadra mkuu wa kikosi kuyakataa kwa kauli. Huahirishwa tu, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka unakwisha na watu wanaulizana kwa haraka ni saa ngapi zimebaki ili mtu asipoteze sifa ya kuvaa sare. Na vikosi vidogo si vichache. Sensa ya vyombo vya polisi nchini Marekani ya mwaka 2008 ilihesabu karibu vyombo 18,000, na takriban nusu yake vilikuwa na askari wa kudumu wasiofika 10. Kwa watu wa namna hiyo, swali la mafunzo halijibiwi kwa kuiga jiji kubwa lenye chuo chake, uwanja wake wa shabaha na wakufunzi wasiopangiwa zamu.

Njia zilizopo ni nne: kikosi kujifundisha chenyewe, vikosi jirani kuchanga na kufundishana pamoja, kupeleka watu chuo cha jimbo au cha taifa, na kusoma kwa mtandao. Naegemea ya pili, na sifichi. Lakini siiegemei kwa kila somo, na sababu yangu kubwa si kuokoa fedha.

Saa zenyewe ni chache

California inamtaka askari wa kawaida apate saa 24 za mafunzo kila baada ya miaka 2. Texas inataka saa 40 kwa kipindi hichohicho, Minnesota saa 48 kwa miaka 3. Ufaransa askari wa manispaa anatakiwa siku 10 kila miaka 5, na wakubwa wake siku 10 kila miaka 3. Ukigawa kwa mwaka, majimbo hayo ya Marekani yanampa mtu kati ya saa 12 na 20. Anayefanya kazi saa 2,000 kwa mwaka anapewa basi asilimia 1 ya muda wake kujinoa, au pungufu ya hapo. Ikiwa saa ni chache hivyo, cha kutazama ni kila njia inazitumiaje: askari amesimama na kutenda kwa muda gani, na ameketi na kusikiliza kwa muda gani.

Kujifundisha wenyewe

Njia hii ina uzuri ambao wanaopenda vyuo huusahau. Mkufunzi anaijua mitaa ile. Anajua daraja ambalo redio haishiki chini yake, jengo lenye mlango wa nyuma usioonekana kutoka barabarani, mzee ambaye hupotea njia kila mara giza linapoingia. Mazoezi yake yanaweza kuwa ya robo saa tu mwanzoni mwa zamu: leo kufunga kitambaa cha kuzuia damu kwa mkono mmoja, kesho kutangaza kwenye redio mahali ulipo ukiwa unakimbia. Robo saa kwa siku nne za wiki ni saa moja, na kwa mwaka zinapita hata zile 40 za Texas za miaka miwili, bila mtu kulala nje ya kwake.

Na kanuni za kikosi hufundishwa vizuri zaidi hapa. Lini ufukuze gari na lini uliache liende, lini utumie bunduki ya umeme, nani aitwe kabla ya kuvunja mlango: haya hutofautiana toka kikosi hadi kikosi, na mgeni hawezi kuyafundisha bila kuchanganya watu.

Udhaifu wake ni kwamba kosa la mkufunzi huwa kosa la kikosi kizima. Akiwa ameshika namna moja mbaya ya kumfunga mtu pingu, wote wataishika, na hakuna jicho la nje la kuiona. Kuna na jambo gumu zaidi kulisema. Katika kikosi cha watu kumi, mkufunzi na mwanafunzi watapanda gari moja kesho asubuhi; pengine wameoleana, pengine mmoja ni mkubwa wa mwenzake kwa cheo. Ni vigumu mno kumwambia mtu huyo kwamba ameshindwa mtihani. Anapitishwa. Mwaka unaofuata anapitishwa tena. Siku atakayotakiwa kuamua kwa kufumba na kufumbua, gharama ya haya hiyo italipwa na raia, au na yeye mwenyewe.

Polisi wa mji wa New Orleans, Marekani, waliligusa jambo hili kwa upande mwingine: walianzisha mpango wa kumfundisha askari kumzuia mwenzake anapoelekea kukosea, hata kama mwenzake ni mkubwa kwake. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Georgetown kikautumia kama msingi wa mafunzo ya ABLE kwa vyombo vingine, saa 8 za mwanzo na saa 2 za kurudia kila mwaka. Somo kama hilo haliingii vizuri likifundishwa na mkubwa yuleyule ambaye siku moja itabidi azuiwe. Lilipaswa kutoka nje.

Kuchanga na majirani

Mfano ulio wazi zaidi uko Uswisi, ambako polisi ni wa kantoni, yaani majimbo ya nchi hiyo. Kantoni 11 za katikati na kaskazini-magharibi, kubwa kama Bern na ndogo kama Uri, ziliungana na kuwa na shule moja huko Hitzkirch, iliyofunguliwa mwaka 2007. Katalunya nako, nchini Hispania, shule ya Mollet del Vallès inawafundisha polisi wa jimbo na polisi wa manispaa chini ya paa moja. Illinois walichagua kitu chepesi zaidi: vitengo vya mafunzo vinavyozunguka katika kanda, gharama zikigawanywa kati ya jimbo na serikali za mitaa zilizojiunga. Hapa kozi ndiyo inayomfuata askari.

Lakini si lazima kuwa na jengo wala sheria ya bunge. Vikosi vitano vilivyo umbali wa nusu saa toka kimoja hadi kingine vinaweza kuanza na kile ambacho kila kimoja kinacho. Mmoja ana uwanja wa shabaha. Mwingine ana mkufunzi mzuri wa kumdhibiti mtu bila kumuumiza. Wa tatu ana shule iliyofungwa likizo, yenye korido na madarasa ya kuigizia tukio. Kila mmoja analeta chake, na mwisho wa mwaka wanatazama nani amebeba zaidi ili mwenzake afidie.

Siri ya mpango huu kufanya kazi ni ratiba. Somo moja hurudiwa tarehe tatu au nne tofauti, na kila kikosi kinapeleka theluthi au robo ya watu wake kila mara. Kikosi cha watu 12 kinatoa watatu, tena kwa siku moja, na kinajua miezi mitatu kabla. Mkufunzi mmoja kati ya vikosi vitano anapata darasa la watu 15, idadi inayotosha kuigiza tukio lenye askari, mtuhumiwa, mashahidi na mtu wa redio. Nyumbani angekuwa na watu wawili na kiti.

Sasa nifike kwenye sababu ninayoiona kubwa kuliko zote. Tukio zito likitokea, askari wa mji mmoja hawabaki peke yao kwa muda mrefu. Majirani wanakuja, polisi wa wilaya wanakuja, wa jimbo wanakuja, na katika dakika chache pana watu wenye sare tano tofauti na redio zisizosikilizana. Columbine, shule ya sekondari ya Colorado iliyovamiwa kwa bunduki mwaka 1999, askari wa kwanza walilizingira jengo na kusubiri kikosi maalumu, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa. Wakati huo waliojeruhiwa walikuwa ndani. Baada ya hapo mafundisho yaligeuzwa, na askari wanaofika mwanzo wakatakiwa kuingia mara moja kumkabili mshambuliaji. Kituo cha ALERRT katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas kilianzishwa mwaka 2002 kufundisha hilo, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikauchukua mtaala wake kuwa kiwango cha taifa mwaka 2013.

Kisha ikaja Uvalde, tarehe 24 Mei 2022, katika jimbo lilelile la Texas. Askari 376 wa vyombo mbalimbali walifika kwenye shule ya msingi iliyovamiwa na mtu mwenye bunduki. Watoto 19 na walimu 2 waliuawa, na zilipita dakika 77 kabla ya mshambuliaji kukabiliwa na kuuawa. Hawa hawakuwa watu wasiofundishwa: polisi maalumu wa shule za mji ule walikuwa wameandaa mafunzo ya kumkabili mshambuliaji miezi miwili tu kabla. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Januari 2024 ilieleza mfululizo wa kushindwa katika uongozi, maamuzi, mbinu, sera na mafunzo. Nani anaongoza? Swali hilo halikupata jibu kwenye korido ile iliyojaa watu.

Nimelitaja tukio hilo kwa makusudi, kwa sababu linakosoa hata njia ninayoipenda. Vikosi vinaweza kukaa darasa moja, vikapata cheti kimoja, na bado vikashindwa kufanya kazi pamoja. Kinachopaswa kuchangiwa ni mazoezi ya kukutana: kiongozi wa zamu wa mji huu anapokea kauli ya uongozi kutoka kwa wa mji ule, kwa sauti, kwa redio ileile watakayoitumia siku yenyewe, mbele ya askari wa chini wanaosikia jina la kamanda mpya. Umoja wa mafunzo usiolifanya hili ni duka la jumla la kozi. Unapunguza bei, basi.

Mfano wa pili hauna risasi. Memphis, baada ya polisi kumuua kwa risasi kijana mwenye ugonjwa wa akili mwaka 1987, mji uliunda mwaka 1988 mpango wa askari waliofundishwa kwa saa 40 kuwahudumia watu walio katika msukosuko wa akili. Walimu walikuwa polisi, wataalamu wa afya ya akili, na familia zenyewe. Mpango ule unalenga robo hivi ya askari wa doria, tena wanaojitolea. Kwa Memphis robo ni mamia ya watu. Kwa kikosi cha 12 ni watu watatu, na watatu hao, hata wasipoumwa kamwe, wanafunika saa 120 kati ya 168 za wiki. Usiku fulani hakutakuwa na yeyote. Vikosi vitano vikikubaliana kwamba askari mwenye mafunzo hayo anavuka mpaka akiitwa, wanakuwa 15, na hakuna saa inayobaki tupu. Hapa kilichogawanywa kimepita darasa na kuwa huduma yenyewe, na hilo ni jambo ambalo hakuna chuo cha mbali kinachoweza kulitoa.

Hasara zipo. Kikosi kikubwa katika umoja huelekea kupanga ratiba kwa kufuata zamu zake, na wadogo wananyamaza kwa kuwa uwanja ni wake. Kanuni zinapotofautiana, mkufunzi akisema "sisi hufukuza mpaka mpakani", nusu ya darasa wanarudi kwao na amri isiyokuwa yao. Dawa yake ni kuacha saa ya mwisho ya kila siku kwa kila kikosi kukaa chemba na mtu wake, akiwaeleza yale ya jumla yanakutanaje na kanuni zao. Tena wapo wanaojiunga kwa jina: wanapokea nafasi, hawatoi mkufunzi, hawatoi uwanja. Umoja wa aina hii huvunjika bila kelele, na kawaida anayechoka kwanza ni yule aliyekuwa anajitolea zaidi.

Mtihani, kwa upande mwingine, hapa unakuwa mtihani kweli. Mkufunzi wa mji wa jirani haoni haya kumrudisha mtu.

Chuo cha jimbo au cha taifa

Yapo masomo ambayo umoja wa vikosi vitano hauyawezi hata ukijitahidi vipi: uchunguzi wa eneo la mauaji, ajali kubwa za barabarani, makosa ya mtandaoni, uongozi wa juu. Kwa hayo chuo kina maabara, walimu wa kudumu na muda. Uswisi ileile yenye Hitzkirch ina pia Taasisi ya Polisi ya Neuchâtel, iliyoanzishwa mwaka 1946, inayotoa kozi kwa polisi wa nchi nzima. Umoja wa Ulaya una CEPOL, wakala wake wa mafunzo ya polisi, yenye makao Budapest tangu 2014. Ufaransa mafunzo ya polisi wa manispaa hupitia CNFPT, taasisi ambayo halmashauri zote huichangia kwa asilimia ndogo ya mishahara yao. Ukiutazama vizuri, huo nao ni mchango wa pamoja, ila umefanywa mkubwa kama nchi.

Usawa ni faida nyingine ya chuo. Mahojiano ni mfano mzuri. Uingereza na Wales, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliachana na mtindo wa kumbana mtu mpaka akiri, baada ya hukumu kadhaa kubwa kugundulika kuwa zilisimama juu ya maungamo yasiyo ya kweli. Wakaleta mfumo wa PEACE, unaomtaka askari ajiandae, amsikilize mtu, kisha apime maelezo yake kwa ushahidi. Kitu kama hicho hakiwezi kuachwa kila mji ukijifundishia, maana kesi za miji yote zinaishia mbele ya mahakimu walewale.

Ila chuo humchukua mtu. FBI National Academy, iliyoanza mwaka 1935, huwa na kozi ya wiki 10. Kwa kikosi kikubwa hiyo ni heshima kwa ofisa mmoja. Kwa kikosi kidogo ni nusu ya zamu imeondoka msimu mzima. Elimu inarudi kichwani mwa mtu mmoja, na akihamia mji wenye mshahara mzuri zaidi, inaondoka naye. Sharti langu kwa kila anayekwenda ni moja: kabla hajaondoka, tarehe ya yeye kuwafundisha wenzake iwe imeshaandikwa kwenye ratiba ya zamu. Ikisubiri arudi, haitaandikwa.

Mtandao

Sheria mpya imepitishwa, fomu ya ripoti imebadilika, hukumu ya mahakama ya juu imegusa namna ya kupekua gari: hayo yasomwe kwa mtandao, kila mtu kwa wakati wake, na kuwe na maswali machache mwishoni. Kumsafirisha mtu kwa ajili ya hayo ni kumwonea.

Zaidi ya hapo nina wasiwasi, na wasiwasi huo unalihusu darasa lolote la kuketi, liwe na mwalimu au liwe kwenye skrini. Polisi wa jiji la New York walipewa mafunzo ya siku moja kuhusu upendeleo usiotambulika, ule mtu anaoubeba bila kujijua, 2018 na 2019, na watafiti waliyafuatilia. Askari walielewa zaidi. Lakini katika kazi yao ya mitaani, tofauti za nani anasimamishwa na nani hasimamishwi hazikuonyesha badiliko lililoweza kuhusishwa na mafunzo. Linganisha na Louisville, ambako kuanzia 2019 askari walifundishwa mtaala wa ICAT, wa kutuliza hali kwa kuchukua umbali, muda na maneno, kwa kuigiza matukio na kurudia. Matukio ya kutumia nguvu yalipungua kwa asilimia 28, majeruhi raia kwa asilimia 26, na askari walioumia kwa asilimia 36. Sisemi ni igizo peke yake lililofanya tofauti, kwa maana masomo yalikuwa mawili tofauti na miji tofauti. Lakini nikipewa saa 8 za mtu aliyeacha zamu yake, nitamsimamisha atende, sitamketisha.

Kugawa masomo

Kosa la kawaida ni kuchagua njia moja na kuitupia masomo yote. Mimi ningeanza na orodha ya masomo na kuuliza kila moja linafanyika na nani siku ya kazi. Linalofanyika na askari wa kikosi kimoja kwa kanuni za kikosi kimoja libaki nyumbani: redio za ndani, ufukuzaji wa magari, ramani ya mji, mazoezi ya robo saa. Linalofanyika na watu wa sare tofauti liende kwa umoja: mshambuliaji mwenye silaha, mtu aliyejifungia ndani, utafutaji wa mtoto aliyepotea, msukosuko wa akili, mafuriko. Kutuliza hali na kudhibiti mtu kwa mikono navyo ningevipeleka huko, kwa sababu ya mtihani ule usio na haya na kwa sababu vinahitaji miili ya kutosha ya kufanyia mazoezi. Utaalamu adimu uende chuoni. Maandishi yaende mtandaoni.

Ukubwa wa kikosi unabadilisha uzito. Mwenye askari watano hana cha kuchagua: bila majirani, mafunzo yake yatakuwa karatasi. Mwenye 40 anaweza kujitosheleza kwa mengi na atashawishika kubaki peke yake. Huyu ndiye ningemsihi zaidi ajiunge, kwa sababu yeye ndiye mwenye mkufunzi na uwanja ambao watano wale hawana, na siku ya tukio ni hao watano watakaofika mlangoni pake mwanzo. Mwenye 300 anaweza kuwa mwenyeji, ila akubali kuongozwa na kamati ambamo mdogo ana kura sawa na yake kuhusu ratiba.

Mkilinganisha gharama, msilinganishe ada. Ada mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Hesabuni saa za lindo zilizopotea: saa za darasa, za safari, na malipo ya ziada ya anayeziba pengo. Kozi ya bure iliyo mwendo wa saa nne kwa gari inakula siku nzima ya kazi kwa kwenda na kurudi, kabla mtu hajafungua daftari.

Hesabuni pia marudio. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi kilichosomwa mara moja kinavyopotea upesi kisiporudiwa, na waalimu wa huduma ya kwanza wanajua kwamba ustadi wa kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo huanza kushuka ndani ya miezi mitatu mpaka sita. Saa 16 zilizogawanywa mara nne kwa mwaka zinafaa kuliko siku mbili mfululizo kila Novemba. Chuo hakiwezi kukupa mara nne kwa mwaka. Majirani wanaweza.

Mkiamua kuungana

Andikeni makubaliano, hata kama wakuu wenu ni marafiki wa miaka mingi, wakuu hustaafu. Yaseme nani analipia matibabu askari wa mji mmoja akivunjika goti kwenye uwanja wa mwingine. Yaseme kumbukumbu za waliohudhuria na walioshindwa zinatunzwa na nani, na zinamfikia nani, kwa sababu wakili atazitafuta siku moja. Yaseme silaha za mazoezi zinakaguliwaje mlangoni na nani, watu wawili, kila asubuhi, bila kujali cheo cha anayeingia. Yaseme kila kikosi kinaleta nini na kinajitoa kwa taarifa ya miezi mingapi.

Na somo la kwanza lisiwe kulenga shabaha, ingawa ndilo wengi watakaloomba. Waiteni viongozi wa zamu tu, watu wawili kwa kila kikosi, asubuhi moja, kila mtu na redio yake ya kazini. Wawekeni katika vyumba tofauti vya jengo moja, muwape tukio, mmoja wao awe wa kwanza kufika. Kisha kila baada ya dakika tano mwingine "anafika". Andikeni ni dakika ngapi zinapita kabla wote hawajataja jina lilelile walipoulizwa nani anaongoza, na ni redio ngapi zilizoweza kusikilizana. Karatasi hiyo ndiyo itakayowapangia ratiba ya mwaka mzima.